Rinda la Semina

Rinda lilipotea usiku wa kuamkia Ijumaa, mwezi wa Julai 2025, na asubuhi hiyo nilitakiwa niwe Garsen mapema. Niliwasha taa ya sola, nikanyoosha mkono nyuma ya mlango nilikokuwa nimelitundika baada ya kulipiga pasi ya makaa, mkono ukagusa ukuta. Msumari upo, henga ipo, rinda halipo.

Halikuwa rinda hivi hivi. Ni la kitenge cha zambarau chenye maua ya manjano, mabega yameinuka, mikono mirefu, nililoshonewa Malindi mwaka nilioajiriwa kufundisha chekechea. Nguo nyingine za kutokea mbele za watu nilikuwa nazo, maji yakazichukua. Sisi wa Golbanti tunaishi na Mto Tana, na mto huu una tabia zake. Chimbuko lake liko huko Nyandarua na Mlima Kenya, unapitia mabwawa ya Seven Forks, kisha unateremka nchi kavu ndefu mpaka kwetu kwenye delta. Mvua ikinyesha Nyeri, sisi tunafurika jua likituwakia utosini. Mwishoni mwa 2023 maji ya El Niño yalikuja, na kabla ardhi haijakauka yakaja mengine, ya Aprili na Mei 2024. Ndio msimu ule serikali ilipoahirisha kufungua shule kutoka 29 Aprili hadi 6 Mei, kisha bila kutaja tarehe, na mwishowe zikafunguliwa 13 Mei. Tulihamia mwinukoni. Mimi nilimbeba mgongoni kitinda mimba wangu, mama mkwe akabeba kuku wake ndani ya kikapu, na binti yangu mkubwa akajitwika sanduku la bati. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na vyeti vyangu, picha za harusi, na rinda la zambarau. Kila nilipolivaa tangu siku hizo, mama mkwe alikuwa akisema, "Hilo limevuka maji nasi, litunze."

Na siku hiyo lilikuwa na kazi. Tulikuwa na semina ya walimu wa chekechea, nami nilipewa nafasi ya kusimama mbele ya wenzangu kueleza namna ya kufundishia kwa vitu vya kuokoteza: vifuniko vya chupa kwa kuhesabia, vijiti, mbegu, udongo wa kingo za mto kwa kufinyangia herufi. Chekechea ni mzigo wa kaunti tangu Katiba ya 2010 ilipogawa kazi, na sisi walimu wake tumezoea kusubiri: kusubiri vitabu, kusubiri madawati, kusubiri mshahara. Kusimama mbele ya watu na kuonyesha tunachokiweza bila kusubiri lilikuwa jambo nililolitamani kwa muda mrefu.

Nje, mume wangu alikuwa ameshatoa pikipiki na anaipasha moto. "Mwalimu!" akaita. Hapa kwetu hata yeye huniita hivyo. "Mwalimu, petroli inaungua!"

Nikamwambia rinda limepotea. Akazima injini, akaingia, akatazama nyuma ya mlango kama vile mimi sikutazama. Akainama chini ya kitanda. Akafungua pipa la unga, sijui kwa nini. Huo ndio upendo wake: jambo likikukwama, yeye hufunua kila kinachofunuka.

Mama mkwe akaamka. Yeye haulizi maswali akiwa amelala, alikaa kwanza, akajifunga leso, akanyamaza kidogo, kisha akatamka: "Kikulacho ki nguoni mwako." Tukamwelewa kwamba mwizi hakutoka mbali. Alimtaja kijana wa jirani ambaye hivi karibuni alionekana na shati jipya, mume wangu akamkumbusha kwamba kijana wa kiume hana haja na rinda. Akataja upepo. Akataja fisi. Mwisho akaamua kwamba lazima chumba chake kikaguliwe kama vingine, asije mtu akasema baadaye kwamba cha bibi kiliachwa. Basi tukavuta kila kilichokuwa chini ya kitanda chake, na humo tukapata kifuniko cha sufuria kubwa tulichokitafuta tangu Pasaka, kitambulisho cha mume wangu alichokwisha kulipia kingine, na tetea ameatamia mayai ambayo hakuna aliyejua habari zake. Tetea akatutazama kwa hasira, tukamwomba radhi, tukamrudishia giza lake.

Kelele zikamwamsha kitinda mimba, akaanza kulia kile kilio cha mtoto aliyekatiziwa usingizi. Mama mkwe akamchukua, akamwimbia wimbo wa kubembeleza wa Kipokomo, ule aliomwimbia baba yake. Hapo huwa nasimama hata nikiwa na haraka ya namna gani. Jopo la wanamuziki watano lililoandaa wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963 lilichukua sauti yake kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Kila bendera inapopandishwa, Nairobi na Kisumu na ubalozini Ulaya, watu husimama wima kwa sauti ambayo mama wa Tana aliitumia kumnyamazisha mtoto ili yeye apate kurudi kazini, maana mama wa Tana daima amekuwa na kazi inayomngoja: mpunga, mtumbwi, samaki, kuni. Najivunia jambo hili, na sioni haya kulisema kila ninapopata nafasi.

Binti mkubwa alikuwa ameshakoka moto. Chai ya rangi ilikuwa tayari, inangoja maziwa. Aliyebaki kitandani ni wa kati peke yake, yule wa Gredi ya Nne, amejifunika gubigubi ndani ya chandarua. Nilimulika nipate kutazama chini ya mto wake. Miguu ilikuwa imechomoza kwenye shuka, na ilikuwa na matope makavu mpaka magotini. Mtoto wa delta kulala na matope si habari. Nikajiambia nitamwogesha jioni.

Basi hapo ndipo tulipobishiwa hodi.

Aliyebisha ni mama wa Kiorma anayetuletea maziwa. Kila asubuhi huja na dumu lake la manjano, huingia moja kwa moja jikoni, huvuta kigoda, humimina kipimo chetu, hunywa kikombe cha chai yenye maziwa aliyoyaleta mwenyewe, kisha huenda zake Tarasaa. Siku hiyo hakuingia. Alisimama uani, dumu mkononi, hakuliweka chini. Mama mkwe alimkaribisha, akaitikia kwa heshima, lakini miguu haikusogea.

"Mama," akamwambia mama mkwe, "nimekuja kuuliza. Nimemkosea nini Mwalimu?"

Mimi nilikuwa ndani, nimejifunga leso kifuani, napekua kapu la nguo chafu. Nikasikia.

"Kwani kuna nini?" mama mkwe akauliza.

"Nimepita njia ya mpungani, bado kuna giza. Nimemwona amesimama. Nikamsalimu. Kimya. Nikasema labda hajasikia, nikasogea, nikamsalimu tena kwa jina la Mwalimu. Kimya. Amenyoosha mikono hivi," na nadhani alinyoosha yake, kwa sababu nilisikia dumu likigonga ukuta, "kama mtu anayenikataza njia. Nikarudi nyuma. Nimezunguka kwa mbali. Lakini nikasema sitalala na jambo hili. Nitakuja niulize."

Msomaji wa mbali anaweza kuliona jambo dogo. Kwetu si dogo. Kati ya Agosti 2012 na mapema 2013 watu zaidi ya mia moja waliuawa katika delta hii, Wapokomo na Waorma, wakulima na wafugaji. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani: majina haya sisi hatuyatamki ovyo. Na mzizi mmojawapo ulikuwa ndio huo huo, njia: ng'ombe wapite wapi kuyafikia maji, mpunga uanzie wapi, nani anamzuia nani. Mwanamke wa Kipokomo aliyesimama alfajiri shambani kwake, mikono ameitandaza, hajibu salamu ya mwanamke wa Kiorma, ni habari inayoweza kutembea ikafika jioni imeota pembe. Huyu mama angeweza kuibeba hivyo hivyo mpaka Tarasaa. Aliileta kwanza mlangoni kwangu.

Vitabu vikiitaja Golbanti huwa ni kwa misiba. Vinamtaja John Houghton na mkewe, wamishonari wa Kimethodisti waliouawa hapa Mei 1886 Wamaasai walipovamia. Magazeti nayo huja na mafuriko na mapigano. Ni kweli yote, na waliokufa wana haki ya kukumbukwa. Lakini mimi ninayeishi hapa nataka na asubuhi ile iandikwe mahali: mwanamke ameudhika, ana haki ya kuudhika, ana mteja mwingine anayemngoja, na bado amekuja kuuliza.

Nikatoka nje kama nilivyo, leso kifuani na nywele hazijafungwa.

Akanitazama. Akatazama leso. Akageuza shingo kutazama upande wa mpungani, akanirudia mimi.

"Mwalimu! Basi yule ni nani?"

Hakuna aliyejibu. Kisha, kutoka ndani ya chandarua, ikatoka sauti nyembamba:

"Ni sanamu, mama."

Watoto wa Gredi ya Nne, katika somo la kilimo, hufundishwa kuzuia wanyama na ndege waharibifu shambani, na kazi ya mradi ni kutengeneza sanamu ya kuwatishia. Mtaala wa Umilisi ulipoanza rasmi madarasa ya chini mwaka 2019, wazazi walilia nao, na kilio chao kina haki: mzazi anaambiwa jioni kwamba kesho mtoto apeleke manila, gundi, nyuzi, picha zilizochapishwa, na duka la karibu halina hata kimoja. Nimekikuta kilio hicho pande zote mbili, kama mama na kama mwalimu. Kazi hii lakini haikudai duka. Ilidai vijiti, majani makavu, makopo na nguo kuukuu.

"Na hilo ni nguo kuukuu?" nikamuuliza. Alikuwa amekwisha kutoka, amesimama mlangoni, machozi yamemlenga.

"Nilimvisha kwanza shati la baba. Nyani wakaja wakakaa karibu naye."

"Kwa hiyo?"

"Nyani hawamwogopi baba. Wanakuogopa wewe, mama. Wewe ndiye unayewafukuza kila siku, na wewe wanakujua nguo zako. Nikasema nikuweke wewe."

Mume wangu alikwenda nyuma ya nyumba, na nilimsikia huko akikohoa kwa muda mrefu.

Tulikwenda wote shambani, mama mkwe na kitinda mimba mgongoni, mama wa maziwa na dumu lake, binti mkubwa na mwiko mkononi. Kulikuwa kumepambazuka. Mpunga wetu ulikuwa katika hali ile ambayo mkulima halali: punje imejaa lakini haijakaza, ukiibinya kwa kucha inatoa maziwa meupe. Maziwa hayo ndiyo wanayoyafuata kwelea. Huja kwa makundi, na kundi likitua dakika chache unabaki na mashuke matupu yaliyosimama. Tangu zamani kazi ya kuwafukuza ni ya akina mama na watoto, juu ya dungu, kwa kombeo na kelele za madebe, tangu alfajiri hadi magharibi. Mwanamke anayefundisha mpaka mchana hawezi kukaa dunguni, na shuke haliulizi ratiba ya mtu.

Na pale, kando ya njia, nilisimama mimi. Kichwa cha gunia kilichojazwa majani, kimefungwa kilemba. "Na leso yangu!" mama mkwe akapiga kelele, kwani kilemba kilikuwa leso yake ya Jumapili. Mabega ya kitenge yameinuka sawasawa. Mikono imetandazwa juu ya mti mmoja mrefu, na kwenye kila kiganja cha kijiti pananing'inia makopo matatu ya maziwa ya unga, yenye mawe ndani. Upepo wa mtoni ulipoyagusa yakalia kwa pamoja, na kwelea waliokuwa wanazunguka kutafuta pa kutua wakageuka wote kwa mkupuo mmoja, wakaenda zao. Nyani wawili walikuwa wamekaa mbali juu ya tuta, wanatutazama sisi na kuitazama sanamu, na hawakusogea hata hatua moja.

Mama wa maziwa aliweka dumu chini. Akaisogelea sanamu, akasimama mbele yake, akaisalimu tena kwa sauti ya juu. Alipoona haijibu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi juu ya tuta, na mama mkwe akaketi pembeni yake, kila mmoja amemshika mwenziwe bega wasianguke mpungani. Nikacheka nami. Kitinda mimba alicheka kwa sababu sote tunacheka.

Redioni nimesikia mara nyingi mashauri kwa mama mwenye kazi: ajitengee saa yake mwenyewe, afunge mlango, anywe chai yake peke yake bila bughudha. Ni mashauri ya watu wema na pengine huko yanakotoka yanafaa. Mimi chai ya peke yangu siijui, na sijawahi kuikosa. Furaha za maisha yangu zimenijia uani kukiwa kumejaa watu, kazi haijakwisha, saa imepita, mtu fulani analia na mwingine anatafuta kiatu. Nikizingoja siku nyumba itakapotulia, nitazikosa zote. Asubuhi ile nilikuwa nimechelewa, sina nguo, na mpunga wangu umesimama mzima. Sikumbuki nilipofurahi zaidi mwaka ule.

Mume wangu alitaka kulivua rinda lile pale pale. Mkono wa kushoto ulikuwa umechanika kidogo na pindo limeloa matope, ila lingefutika. Mtoto hakusema neno, alitazama tu chini. Mwalimu wake alikuwa apite saa nne kuikagua kazi. Nikasema liache. Lilipona maji ili lifanye kazi, na kazi limeipata.

Mama mkwe akarudi nyumbani upesi kuliko nilivyodhani anaweza, akafungua sanduku lake, akatoa gauni la kijani alilolivaa siku ya harusi yetu, limekunjwa na karafuu ndani. Lilinizidi upana. Binti mkubwa akalipunguza kiunoni kwa pini, na mama wa maziwa akavua mtandio wake mweusi, akanizungushia mabegani kuzificha pini, akasema atauchukua kesho akija. Kisha akaingia jikoni, akavuta kigoda, akamimina kipimo chetu, na akangoja chai yake.

Tulifika Garsen wenzangu wameshaanza. Nilipoitwa, niliwaonyesha vifuniko na udongo wangu kama nilivyopanga, halafu nikawapitishia simu yenye picha ya sanamu, nikawaeleza kwamba mtoto wa miaka kumi, kwa vijiti na makopo, amemaliza somo zima la kutazama na kufikiri: amejaribu, ameona haikufaa, ametafuta sababu, amebadilisha. Nilieleza na habari ya salamu. Ukumbi ulicheka, kisha mwalimu mmoja wa Kiorma akainuka kusimulia ya kwake, na mwingine wa kutoka Kipini akafuata, na mtoa ratiba akaacha ratiba yake iende na maji.

Kazi ya mradi ilirudi na alama ya kuzidisha matarajio. Kijana wa jirani, yule wa shati jipya, alikuja mwenyewe kumwomba mtoto wangu wa kati amtengenezee sanamu ya shamba la mama yake, na alileta rinda la mama yake akiwa amekwisha kuliombea ruhusa.

Rinda langu lilibaki mpungani mpaka mavuno. Tulivuna mwishoni mwa Agosti, magunia mawili zaidi ya msimu uliotangulia mafuriko, na mabua tuliyaacha kwa ng'ombe wa mama wa maziwa kama tulivyopatana. Rangi ya zambarau imepauka mgongoni kwa jua, mkono wa kushoto nimeushona, na ndilo ninalolivaa kwenda darasani kila Jumatatu.